Pissarro: Mchoraji Aliyeanza Upya

Mimi ni mhandisi, si mchoraji, lakini maisha ya Camille Pissarro yanatugusa sisi tuishio ughaibuni.

Alizaliwa mwaka 1830 katika kisiwa cha St. Thomas huko Karibi, kilichokuwa koloni la Denmark, akahamia Ufaransa mwaka 1855. Vita na Prussia vilipozuka mwaka 1870, alikimbilia London na familia yake, wakakaa Norwood. Aliporudi Louveciennes mwaka 1871 alikuta askari wameivamia nyumba yake, na turubai zake wamezitandika kwenye matope ya bustani ili wakanyage juu yake. Katika picha zipatazo 1,500, kazi ya karibu miaka 20, zilisalia kama 40 tu.

Hakukata tamaa. Alishika brashi upya, na rangi zake zikazidi kung'aa. Kivuli hakukipaka weusi mtupu, alikitia buluu na zambarau. Katika maonyesho manane ya Waimpreshonisti, 1874 hadi 1886, ni yeye peke yake aliyeshiriki yote. Baadaye akajaribu vitone vya rangi safi vilivyopangwa ubavu kwa ubavu, jicho la mtazamaji livichanganye lenyewe. Skrini ya televisheni hutumia kanuni hiyo hiyo.

Mlioko London, picha yake "Fox Hill, Upper Norwood" ya mwaka 1870 ni mali ya National Gallery. Itazameni ile barabara yenye theluji. Aliichora akiwa mgeni, kabla hajajua yaliyoipata kazi yake nyumbani.