Kitanda Kimoja, Mtu Mmoja

Kiswahili kina neno moja, kodi, kwa pesa unayompa landilodi na pesa unayoilipa serikali. Tumelizoea, hatushtuki. Lakini ukifuata historia ya vyumba vya kupanga Nairobi, utaona kodi hizo mbili zilitembea pamoja tangu mwanzo. Moja ilikusukuma mjini, nyingine ikakungoja ufike.

Mji ulianza 1899 kama kambi ya reli. Mwaka wa 1901 serikali ya kikoloni ilianza kutoza kila nyumba ya Mwafrika, na mwaka wa 1910 ikaongeza kodi ya kichwa. Polepole ikawa lazima kulipa kwa pesa taslimu, na pesa taslimu zilikuwa kwa mzungu: shambani kwake, kwenye reli, au mjini. Basi wanaume wakaja mjini. Kufikia 1920 walikuwa wakivalishwa kipande shingoni, ndani ya kijaluba cha chuma, chenye alama za vidole na rekodi ya kazi. Mshahara wao ulipigiwa hesabu ya kapera. Mke na watoto walidhaniwa wako kijijini wakijilisha wenyewe, na kazi ikiisha mwanamume angerudi huko. Nyumba za mjini zikafuata hesabu hiyo hiyo.

Chukua Kariokor. Jina lenyewe ni masalio ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, ambamo maelfu ya Waafrika walikufa wakiwabebea Waingereza mizigo. Mwishoni mwa miaka ya 1920 manispaa ilijenga hapo mabweni ya wafanyakazi. Maafisa wa enzi hiyo walizoea kuhesabu makazi ya Waafrika kwa nafasi za vitanda. Kitanda kimoja, mtu mmoja. Mahali pa kupikia watoto hapakuwa kwenye hesabu, kwa sababu watoto wenyewe hawakuwemo.

Lakini palikuwa na mahali pengine pa kupanga. Katika vijiji kama Pangani, na kuanzia mapema miaka ya 1920 huko Pumwani, Waafrika waliweza kujijengea. Walijenga kwa ramani ya pwani: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Mwenye nyumba alilala chumba kimoja, vingine akapangisha. Na wengi wa wenye nyumba hao walikuwa wanawake. Mwanahistoria Luise White alizungumza na baadhi yao kwa ajili ya kitabu chake The Comforts of Home, kilichotoka 1990. Walikuwa wameuza ngono kwa wanaume waliohesabiwa kitanda kimoja kimoja, na pamoja na ngono waliuza chai, chakula, maji ya kuoga. Kwa ufupi, waliuza nyumbani kwa saa chache. Pesa hizo wakazigeuza kuta na mabati.

Hebu tulia hapo kidogo. Baadhi ya malandilodi wa kwanza Waafrika wa Nairobi walikuwa wanawake ambao serikali haikuwatengea hata kitanda. Mji uliwanyima makao, wao wakayajenga na kuwapangishia wengine.

Serikali haikufurahia. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Pangani ilibomolewa na watu wakapelekwa Shauri Moyo, kwenye nyumba zilizojengwa na manispaa na kubaki mali yake. Aliyekuwa na nyumba yake akajikuta chini ya paa la baraza.

Baada ya Vita vya Pili hesabu ya kapera ilianza kugoma. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940 ikiwa na nyumba za familia, uwanja na ukumbi. Mwaka wa 1954 kamati ya serikali ikiongozwa na Carpenter ilikubali kwamba mshahara unafaa kutosha mtu na familia yake. Ila Aprili mwaka uo huo jeshi lilizingira Nairobi katika Operesheni Anvil, likakamata maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru. Huku wanakwambia leta mkeo, kule wanakutoa kitandani usiku.

Uhuru ulifungua mlango, watu wakaja na familia zao. Vyumba havikutosha. Mwaka wa 1975 ulianza mradi wa Dandora, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, wa kugawa ploti kama 6,000 zenye maji na choo ili watu wajijengee. Wengi walijenga vyumba vya kupangisha, maana kodi ya mpangaji ndiyo ilisaidia kumaliza ujenzi. Umoja ilipangwa iwe mtaa wa nyumba ndogo za familia, kwa fedha za Marekani. Pita Innercore leo uhesabu ghorofa. Kisha nenda Pipeline, ambako jua la saa sita halifiki chini. Humo chumba ni futi kumi kwa kumi, choo ni cha korido nzima.

Nilipokuwa natafuta keja upande huo mwaka jana, keateka mmoja hakuniuliza jina. Aliuliza: uko pekee yako? Unafanya kazi wapi? Mimi huandika, nalipwa kwa makala, wakati mwingine baada ya miezi mitatu. Hilo si jibu. Alitaka karatasi ya mwajiri na dipoziti ya mwezi mmoja. Kwa jirani yangu wa sasa, swali lilikuwa watoto ni wangapi, kwa sababu watoto humaliza maji. Hakuna aliyetutaka kipande, lakini maswali ni yale yale: nani amekuajiri, na umekuja na nani.

Kenya ina sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, kweli. Inamlinda mpangaji anayelipa kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Itafute bedsita ya bei hiyo, ukiipata nipigie. Na tangu 2024 Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu inakata asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi, mwajiri akiongeza kiasi sawa. Kwa hiyo mtu analipa kodi mbili kwa ajili ya nyumba: moja ya anamolala, nyingine ya ile anayoahidiwa.

Sipingi kujengwa. Nataka tu tuzitazame ramani za majengo hayo mapya kwa macho ya Kariokor. Kabla ya kuuliza bei, tuulize chumba kimepimwa kwa nani, kama mtoto ana pa kufanyia kazi ya shule, na kama mzee anaweza kuishi humo hadi afe bila kuambiwa arudi kwao. Wanawake wa Pumwani walilijibu swali hilo kwa udongo na mabati, miaka mia moja iliyopita.