LeRoy Walker na Wakimbiaji wa Kenya: Kocha wa Michezo Mingi katika Vyuo vya Wamarekani Weusi, 1941–1976

Barabara inayopita Igoma kuelekea Musoma ndiyo pia njia ya kwenda Majita, alikozaliwa Suleiman Nyambui, mshindi wa medali ya fedha ya mita 5000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Nyambui alisoma Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso, na kwa sababu yake wapenzi wa riadha wa Kanda ya Ziwa, wanapoitaja Marekani, huanzia Texas. Insha hii inaanzia kwingine. Inadai kwamba njia ya mwanariadha wa Afrika Mashariki kwenda Marekani ilipita mapema zaidi katika chuo cha Wamarekani Weusi mjini Durham, North Carolina, chini ya kocha LeRoy Walker. Inadai pia kwamba kazi ya kocha huyo haieleweki bila kuuliza kwa nini mtu mmoja alifundisha michezo mingi kiasi kile.

Walker alizaliwa Atlanta tarehe 14 Juni 1918, mjukuu wa watumwa. Alihitimu Chuo cha Benedict, South Carolina, mwaka 1940, akapata shahada ya uzamili Chuo Kikuu cha Columbia mwaka uliofuata, kisha akarudi Benedict kufundisha mpira wa Kimarekani, mpira wa kikapu na riadha kwa pamoja. Baadaye alipitia vyuo vya Bishop na Prairie View, Texas, na mwaka 1945 akafika Durham. Vyote hivyo vilikuwa vyuo vya Weusi, yaani vilivyoanzishwa kwa ajili ya watu waliozuiwa na ubaguzi kusoma pamoja na Weupe. Bajeti zao zilikuwa finyu. Kocha mmoja alishika timu tatu, na mara nyingi aliingia darasani pia. Kiswahili chetu humwita kocha "mwalimu", na kwa Walker neno hilo lilikuwa sahihi kwa maana zake zote mbili.

Ni katika uhaba huo ndipo riadha ya Durham ilipozaliwa. Walker aliajiriwa kwa ajili ya mpira wa Kimarekani na mpira wa kikapu. Mbio aliziingiza kama mazoezi ya kuimarisha miili ya wachezaji wake. Kilichoanza kama nyongeza kikawa kazi ya maisha. Mwanafunzi wake Lee Calhoun alishinda mita 110 za kuruka viunzi katika Olimpiki ya 1956 na tena ya 1960. Mwaka 1957 Walker mwenyewe alipata shahada ya uzamivu katika biomekanika, yaani elimu ya mwendo wa mwili, Chuo Kikuu cha New York; anatajwa kuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kufikia hapo katika fani hiyo. Kwa maoni ya mwandishi, uhusiano kati ya mambo haya si wa bahati: aliyewatazama wanamichezo wa aina tatu kila siku alikuwa na sababu ya kuuliza mwili unavyofanya kazi.

Nje ya Marekani alifundisha au kushauri timu za Ethiopia na Israeli mwaka 1960, Trinidad na Tobago mwaka 1964, Jamaika mwaka 1968 na Kenya mwaka 1972. Orodha hii yataka tahadhari. Ushindi wa Abebe Bikila mjini Roma ulikuwa na kocha wake, Onni Niskanen wa Sweden, na haufai kuhesabiwa kwa Walker. Vivyo hivyo Kenya. Tayari mwaka 1968 timu yake ya kupokezana vijiti mita 400 mara nne ilikuwa imepata fedha mjini Mexico, Daniel Rudisha, Hezekiah Nyamau, Naftali Bon na Charles Asati wakikimbia. Mwaka 1970 huko Edinburgh, Asati, Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang walitwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola, na Ouko akashinda pia mita 800.

Kilicho cha Walker bila ubishi ni kwamba Ouko na Sang walikuwa wanafunzi katika chuo chake. Katika Olimpiki ya Munich, Septemba 1972, Sang alipata shaba ya mita 400 nyuma ya Wamarekani Vince Matthews na Wayne Collett. Hao wawili walifungiwa kwa mwenendo wao jukwaani, John Smith alikuwa ameumia, na Marekani ikakosa timu ya vijiti. Wakenya wanne walewale wa Edinburgh walishinda kwa dakika 2 na sekunde 59.8, Ouko akikimbia zamu ya tatu na Sang akimalizia. Kutokuwepo kwa Marekani kuliwasaidia, na mwanahistoria hana budi kukiri hivyo. Lakini Matthews naye alisoma Johnson C. Smith, chuo kingine cha Weusi cha North Carolina, na Larry Black wa chuo cha Walker alirudi na fedha ya mita 200 na dhahabu ya vijiti vya mita 100. Kwa hiyo chuo kimoja cha Durham kilikuwa na washindi watatu wa medali chini ya bendera mbili. Masimulizi yanayomtoa Mkenya milimani na kumpeleka moja kwa moja kwenye vyuo vikubwa vya Weupe hayana nafasi ya kuliweka jambo hili.

Mwaka 1976 Walker alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuwa kocha mkuu wa riadha ya wanaume ya Marekani katika Olimpiki, mjini Montreal. (Asichanganywe na John Walker wa New Zealand, mshindi wa mita 1500 katika mashindano hayohayo, mbio ambazo Filbert Bayi wetu hakukimbia.) Kenya na Tanzania zilikuwa zimesusia kwa sababu ya ziara ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini. Hivyo kocha huyo hakupata kuwakabili uwanjani warithi wa wanafunzi wake. Alikuwa mkuu wa chuo chake kuanzia 1983 hadi 1986, na rais wa Kamati ya Olimpiki ya Marekani kuanzia 1992 hadi 1996, mwaka ambao michezo hiyo ilifanyika Atlanta, mji aliozaliwa. Alifariki Durham tarehe 23 Aprili 2012.