Mistari isiyo na irabu: miaka elfu mbili ya darasa la Kiyahudi

Gombo la Torati linalosomwa katika sinagogi halina irabu, halina nukta, wala alama ya kumwonyesha msomaji sauti ipande wapi na ishuke wapi. Ni konsonanti tupu za Kiebrania, zilizoandikwa kwa mkono juu ya ngozi. Mtoto wa miaka 12 au 13 anayejiandaa kwa bar mitzva, sherehe ya kufikia umri wa kushika amri za dini (bat mitzva akiwa msichana), lazima yote yasiyoandikwa ayabebe kichwani.

Kwa kazi hiyo kuna kitabu maalumu kiitwacho tikuni, chenye safu mbili. Safu moja ina irabu na alama za lahani, ambazo wataalamu wa Tiberia walizikamilisha mnamo karne ya 10. Safu ya pili ina maneno yale yale yakiwa matupu, kama yalivyo kwenye gombo. Mwanafunzi husoma ya kwanza hadi ulimi uzoee, kisha huifunika kwa kiganja na kujaribu ya pili. Akikwama, huchungulia. Siku yenyewe hakuna pa kuchungulia: hufuata mistari kwa kijiti chenye ncha ya umbo la kidole, na akikosea, waliosimama kando yake humsahihisha kwa sauti, mashangazi wote wakisikia.

Sehemu ya kusoma hachagui. Torati imegawanywa sehemu 54 za kusomwa mwaka mzima, na kwa kawaida tarehe ya kuzaliwa ndiyo inayoamua. Mmoja huangukiwa na kisa cha kuvuka Bahari ya Shamu. Mwenzake huangukiwa na sura za Mambo ya Walawi zinazoeleza magonjwa ya ngozi na ukungu wa kuta za nyumba. Juu ya hapo hutakiwa kutoa hotuba fupi kueleza sura hizo zinamhusu nini. Huyo wa ukungu ndiye wa kuonewa huruma, ingawa pia ndiye anayelazimika kufikiri zaidi.

Sheria ya Kiyahudi haidai lolote kati ya hayo. Mvulana akitimiza miaka 13, na msichana 12, wajibu wa kushika amri unamwangukia, asome asisome. Biblia haitaji sherehe yoyote. Desturi ya kuiadhimisha siku hiyo ilikua Ulaya katika Zama za Kati, na kufikia mwisho wa karne ya 16 karamu zake zilikuwa kubwa kiasi kwamba viongozi wa Wayahudi wa Krakow, Poland, waliamua kuzitoza kodi.

Shule ni kongwe zaidi. Talmudi, mkusanyiko wa kale wa mafundisho ya marabi, inamsifu Yoshua ben Gamla, kuhani mkuu wa karne ya kwanza, kwa kuagiza kila mji uwe na walimu na watoto waanze masomo wakiwa na miaka sita au saba. Talmudi hiyo hiyo inapanga darasa: watoto 25 kwa mwalimu mmoja, wakifika 40 apewe msaidizi, wakifika 50 wawe walimu wawili. Walimu wengi wa shule zetu za msingi wangeitamani sheria hiyo hata leo. Karne nyingi baadaye, huko Ulaya ya Mashariki, shule ilikuwa hederi, mara nyingi chumba kimoja nyumbani kwa mwalimu, watoto wakikariri kwa pamoja. Mtu aliyepita chuo cha Kurani Lamu au Unguja angejiona yuko kwao. Lakini hederi ilikuwa ya wavulana hasa.

Wasichana walifunguliwa mlango mpana mjini Philadelphia, Marekani, mwaka 1838, Rebecca Gratz alipoanzisha shule ya Jumapili ya bure kwa watoto wa Kiyahudi wa jinsia zote, walimu wakiwa wanawake. Vitabu vyao hawakuwa navyo. Walitumia vya Waprotestanti, na majibu yasiyolingana na dini yao wakayabandikia karatasi juu.

Kusoma ni jambo moja, kusimama mbele ya waumini ni jingine. Nchini Marekani, hilo kwa kawaida huhesabiwa kuanza tarehe 18 Machi 1922, jijini New York. Rabi Mordecai Kaplan, baba wa mabinti wanne, alikuwa ndiyo kwanza ameunda jumuiya mpya ya waumini, na akaamua kwamba binti yake mkubwa, Judith, mwenye miaka 12, angeitwa mbele. Bibi zake wawili walitaharuki. Mmoja alimsihi mwenzake amzuie mwanawe. Mwenzake akajibu kwamba mwana hamsikii mamaye, afadhali yeye amwambie bintiye amzuie mumewe. Hakuna aliyefua dafu.

Maandalizi, kwa viwango vya leo, yalikuwa kichekesho: usiku wa kuamkia siku hiyo baba alimwita chumbani mwake, akamsikiliza akisoma dua na kumsahihisha. Asubuhi Judith alisoma kwenye kitabu cha chapa, mbali kidogo na gombo lenyewe. Baadaye alikuwa mtaalamu wa muziki wa Kiyahudi, na mwaka 1992, akiwa na miaka 82, akafanya bat mitzva ya pili.

Mfano wake haukuenea haraka. Kwa miongo kadhaa masinagogi mengi yaliyowakubali wasichana yaliwapa Ijumaa usiku, wakati ambapo Torati haisomwi. Kwa Wayahudi wengi wa Kiorthodoksi, washika mapokeo, msichana hadi leo hasomi mbele ya wanaume, bali husherehekea kwa njia nyingine.

Katikati ya karne ya 20 masinagogi ya Marekani yaligundua silaha yao. Wazazi wengi hawakuonekana kwenye ibada, lakini bar mitzva waliitaka kwa udi na uvumba. Basi likawekwa sharti: hupati tarehe bila miaka kadhaa ya shule ya dini. Watoto wakatoka shule ya serikali alasiri na kuingia darasa la Kiebrania huku wenzao wakicheza mpira. Madarasa yalijaa, ila walimu wakaanza kulalamika kuwa sherehe ikiisha, wanafunzi nao hutoweka. Malalamiko hayo hayajakoma.

Afrika Mashariki nayo imo katika historia hii. Mwaka 1922, ule ule wa Judith, karibu na Mbale nchini Uganda, Semei Kakungulu, jemadari wa Buganda aliyekuwa ameshika dini ya Kiyahudi mwaka 1919, alitoa kitabu cha Kiganda cha kanuni na maombi kwa wafuasi wake, Abayudaya. Idi Amin aliipiga marufuku dini yao, wakasali kwa kificho. Gershom Sizomu wa jamii hiyo alipata urabi nchini Marekani mwaka 2008 na kurudi kufundisha katika kilima cha Nabugoye. Zaburi huko huimbwa kwa Kiganda, kwa lahani walizozitunga wenyewe. Mwaka 2024 Shoshana Nambi, aliyekulia kwa Abayudaya, naye akapata urabi mjini New York.