Kufunga na kufunika mzigo wa gari

Kufunga na kufunika mzigo wa gari ni wajibu wa dereva wa kuhakikisha kwamba kitu chochote kilichopakiwa au kilichojikusanya juu ya gari lake hakidondoki, hakimwagiki wala hakipeperuki barabarani na kuwadhuru watu wengine. Katika nchi zenye majira ya baridi wajibu huo unahusu pia theluji na barafu iliyoganda juu ya paa. Katika mwambao wa Mtwara na mlango wa mto Ruvuma, kusini mwa Tanzania, unahusu makaa ya mawe, mchanga, kokoto, magunia ya korosho na tope la msimu wa mvua.

Hatari yenyewe

Nchini Tanzania magari yenye uzito unaozidi kilogramu 3,500 hayaruhusiwi kupita mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Kwa mwendo huo lori husafiri mita 22 hivi kila sekunde. Mwendesha bodaboda aliye mita 20 nyuma yake ana muda usiofika sekunde moja kukwepa kinachoanguka, na mara nyingi hana kioo mbele ya uso wake. Kwa gari linalokuja upande wa pili hali ni mbaya zaidi, kwa sababu mwendo wa magari yote mawili hujumlishwa: jiwe dogo hugonga kioo kana kwamba limerushwa kwa kilomita 160 kwa saa. Vumbi na mchanga laini havivunji kioo, lakini humpofusha dereva kwa muda unaotosha kumtoa barabarani.

Hali katika Mtwara

Bandari ya Mtwara ilijulikana kwa korosho kwa miaka mingi. Tangu miaka ya 2021 na 2022 imekuwa pia njia ya kusafirishia makaa ya mawe kutoka wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma. Makaa hayo hubebwa na malori kupitia Songea, Tunduru na Masasi, safari ya zaidi ya kilomita 600, na yote hupita katikati ya vijiji vilivyopangana kando ya lami. Kiwanda cha saruji cha Dangote, kilichozinduliwa mwaka 2015 karibu na mji wa Mtwara, nacho kinahitaji malori ya kuingiza malighafi na ya kutoa saruji.

Mizigo hii haitunzwi kwa kiwango kimoja. Korosho hufunikwa vizuri, kwa kuwa mavuno hukutana na mwanzo wa mvua na gunia likilowa korosho hupata ukungu na kushuka daraja. Tena kila gunia limeandikwa ghalani, na likipotea kuna mtu atakayelidai. Mchanga wa kujengea ni kinyume chake. Tipa likimwaga debe mbili njiani hakuna anayepata hasara isipokuwa aliye nyuma, na ndiyo maana mchanga hubebwa wazi mara nyingi zaidi.

Hatari haimaliziki mzigo ukishushwa. Vipande vya makaa na kokoto hubaki kwenye kingo za bodi, juu ya fremu na kati ya matairi pacha, kisha huanza kuruka lori tupu likishika kasi. Turubai lililolegea nalo hukusanya maji ya mvua, na dereva akifunga breki maji hayo humwagika yote kwa mkupuo mmoja. Kwenye barabara za udongo na mchanga zinazoelekea Msimbati na Kilambo, karibu na mpaka wa Msumbiji, tope hufunika taa za nyuma, viakisi na namba za usajili. Lori la namna hiyo usiku halionekani kabisa.

Sheria

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kutumia gari lililo katika hali ya kuhatarisha watu, pamoja na hatari itokanayo na namna lilivyopakiwa. Askari wa usalama barabarani wanaweza kulisimamisha. Mizani ya TANROADS hupima jambo jingine, yaani uzito: chini ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, uzito wa juu wa gari pamoja na mzigo ni tani 56. Lori linaweza kupita mizani bila kosa huku turubai lake likipepea.

Mkataba wa Vienna kuhusu usafiri wa barabarani wa mwaka 1968 unataka mzigo usidondoke, usiburutwe, usizuie dereva kuona, wala usifunike taa na namba za gari. Nao unataka kamba, minyororo na maturubai yakazwe barabara.

Namna ya kufunga

Turubai huzuia vitu vidogo kuruka, lakini halishikilii mzigo mzito. Kwa kipimo kinachotumika Ulaya, vifungo vinapaswa kuhimili nguvu sawa na asilimia 80 ya uzito wa mzigo kuelekea mbele, na asilimia 50 kuelekea kando na nyuma. Kwa mzigo wa tani 10 hiyo ni nguvu ya tani 8 kila dereva anapofunga breki kwa ghafla. Mzigo usiofungana, kama makaa na mchanga, haupaswi kupita kingo za bodi. Kamba hulegea magunia yanaposhindiliwa na mitikisiko, kwa hiyo dereva au utingo hukagua tena baada ya kilomita chache za mwanzo.

Nchi za theluji

Nchini Uingereza, mwongozo rasmi wa madereva unawataka waondoe theluji inayoweza kuwaangukia wengine kabla ya kuanza safari. Katika majimbo ya New Hampshire na New Jersey, Marekani, kuacha barafu juu ya gari kunaweza kuleta faini. Tatizo ni urefu: paa la tela liko juu mno kufikiwa na mtu aliyesimama chini, na kulipanda likiwa na barafu ni hatari. Kwa sababu hiyo baadhi ya vituo vya mapumziko nchini Ujerumani vina vichanja maalumu ambapo dereva husimama kando ya lori na kusukuma barafu. Dereva wa makaa anayepanda juu ya shehena kuvuta turubai ana hatari ileile ya kuanguka, ila kwake kichanja mara nyingi hakipo.