Miaka 20 ya vikundi vya Byumba: majirani waliojitibu wenyewe

Mwaka 2025 ilitimia miaka 20 tangu vikundi vya kwanza vya Mvura Nkuvure, yaani "niponye nami nikuponye", vianze kukutana Byumba, kaskazini mwa Rwanda. Habari zake zastahili kusimuliwa, kwani tiba ya majeraha ya moyo nchini humo huelezwa mno kwa majina ya hospitali na mashirika ya kigeni, huku wanavijiji wakitajwa kama wagonjwa tu.

Hospitali ilikuwepo. Ndera, pembezoni mwa Kigali, ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1972. Aprili 1994 Watutsi waliokimbilia humo kujificha waliuawa. Mauaji ya kimbari yalipokoma baada ya siku 100, hakukuwa na madaktari wa kuwatosha wafiwa. Januari 1995 wajane 50 wakaunda chama chao, AVEGA Agahozo. Hawakuunganishwa na shahada za saikolojia bali na msiba mmoja, na kwa maoni yangu historia ya tiba hii ianzie kwao.

Byumba ilikuwa na mzigo wake. Vita vilivyoanza Oktoba 1990 viliwafukuza watu mashambani wakajaa kambini. Yakafuata mauaji, kisha wakimbizi wa zamani wakarudi, na magereza yakafurika watuhumiwa wa mauaji hayo. Mwaka 2005 mahakama za gacaca, yaani mabaraza ya kijiji ya kusikiliza kesi za mauaji hayo, zikaenea nchi nzima. Mjane alitakiwa asimame mbele ya kijiji kizima aeleze jinsi wanawe walivyouawa, na mke wa mfungwa yuko hapohapo anasikiliza. Kesho yake wote wawili huteka maji kisima kimoja.

Mwaka huohuo Dayosisi ya Anglikana ya Byumba ilishirikiana na Cora Dekker, Mholanzi aliyekuwa na uzoefu wa kuwatibu wakimbizi nchini kwao, kuanzisha mradi wa Mvura Nkuvure. Annemiek Richters, profesa aliyeufuatilia mradi huo kwa miaka mingi, ameandika kwa kina jinsi ulivyoendeshwa. Majirani kati ya 10 na 15 hukaa pamoja saa tatu kila wiki, kwa wiki 15, wakiongozwa na wenzao wawili wa hapohapo. Hukutana kanisani, darasani au chini ya mti. Kanuni hujitungia wenyewe.

Nguvu ya vikundi hivi naiona katika mpangilio wake. Huanza na usalama, kisha kuaminiana, kujaliana, kuheshimiana, na kujiwekea mwelekeo mpya wa maisha. Kumbukumbu za yaliyotendeka huja mwisho kabisa. Gacaca ilidai ushuhuda kwanza, na ilikuwa na sababu, kwa kuwa haki haipatikani bila ushahidi. Lakini mtu asiyelala usiku kwa kumwogopa jirani hawezi kuufungua moyo wake kwa amri. Byumba walimwacha kwanza amzoee jirani huyo. Manusura, waliotoka gerezani na wake wa wafungwa walikaa kundi moja, na hakuna aliyelazimishwa kuungama wala kusamehe.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliwalinganisha washiriki 100 na watu wengine 100 wasioshiriki, ukaonyesha kuwa waliokaa vikundini walipata nafuu zaidi. Baadaye mpango ulivuka Byumba kwa ufadhili wa Uholanzi, ukafika hata kwa wakimbizi walioko Uganda.

Gacaca ilifungwa Juni 2012, lakini maumivu hayakufungwa nayo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 uliwakuta manusura 35 katika kila 100 wakiwa na sonona, wakati kwa wananchi kwa jumla walikuwa 12. Kila Aprili, wakati wa maombolezo, wapo wanaozidiwa hadi kubebwa.

Kwa takwimu hizo, ni kosa kuiacha kazi hii itegemee hisani ya wafadhili, ambao huja na kuondoka. Waongozaji wa vikundi hivi ni watumishi wa afya kama walivyo wauguzi. Serikali iwatambue, iwatengee fungu katika bajeti, na majirani wa Rwanda waliopitia vita, Kivu ya Kongo na Burundi, wawaalike wakafundishe.