Nguvu na Kipimo: Historia ya Bolti za Injini

Vitu vidogo navyo vina historia yake, kama vile falme na vita. Leo, msomaji, nakuomba utazame kitu ambacho pengine umekipita mara nyingi bila kukijali, yaani bolti. Ukisimama kando ya barabara ya Keringet wakati wa mavuno, utaona malori ya viazi yakikabili miinuko ya Mau kuelekea Molo na Nakuru. Mzigo ule ni karo ya mtoto na chakula cha nyumba. Nao wote umetegemea bolti chache zinazokifunga kichwa cha injini, ambacho mafundi hukiita silinda hedi, juu ya bloku yake.

Hapo kale kila karakana ilichonga hesi zake ilivyopenda, na bolti ya fundi huyu haikuingia katika nati ya fundi yule. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza hesi zote zifuate kipimo kimoja, chenye pembe ya digrii 55. Viwanda vya Uingereza vilikikubali, na mashine zao zikakieneza ng'ambo. Baada ya reli kupita Njoro na Molo na kufika Kisumu mwaka 1901, mashine za Kiingereza ziliweza kuletwa kwa urahisi katika nyanda hizi. Baadaye magari ya Ufaransa na Japani yalikuja na kipimo cha milimita, ikawa hapana budi fundi awe na spana za namna mbili.

Lakini bolti kuingia ni jambo moja, na kukazwa sawasawa ni jambo jingine. Bolti iliyokazwa huvutika kidogo sana kama springi, na kule kutaka kurudi ndiko kunakokibana kichwa. Ikilegea, moto na maji hupenya kwenye gasketi. Ikizidishiwa, huharibika au hukatika. Fundi wa zamani aliutegemea mkono wake tu. Mkono nao hudanganya, maana katika sehemu 10 za nguvu ya kukazia, karibu 9 huliwa na msuguano. Mwaka 1918 Conrad Bahr, mfanyakazi wa idara ya maji ya New York, alibuni spana yenye kipimo ili bolti za mabomba zisikazwe kupita kiasi. Chombo kilichobuniwa kwa ajili ya mabomba kikawa mlinzi wa injini.

Nchi yetu ya juu humtaka fundi awe mwangalifu zaidi. Keringet iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na huko maji yaliyo wazi huchemka kabla ya kufika digrii 94. Mfuniko wa rejeta ukiwa mbovu, injini hupata joto upesi. Tena vichwa vingi ni vya alumini juu ya bloku ya chuma, na alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma.

Ndiyo sababu kazi hii ina utaratibu wake. Matundu husafishwa na kukaushwa, kwa kuwa mafuta au maji yaliyonaswa chini ya bolti yaweza kuipasua bloku. Gasketi huwa mpya. Bolti hukazwa kuanzia katikati kuelekea pembeni, si kwa mara moja bali kwa awamu, kwa kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha injini ile ile. Bolti za injini nyingi za siku hizi hutumiwa mara moja tu, kisha hutupwa.

Ukitaka kujua heshima ya kazi hii, mkumbuke Joginder Singh, aliyezaliwa mwaka 1932 huko Kericho, jirani zetu. Alikuwa fundi wa magari kabla ya kuwa dereva mashuhuri. Mwaka 1965, pamoja na ndugu yake Jaswant, alishinda mashindano ya Safari kwa Volvo iliyokwisha tumika. Akashinda tena mwaka 1974 na 1976. Dunia ilimsifu kwa mwendo wake, lakini mwendo ule ulianza karakanani.

Basi, kijana, usidhani kwamba nguvu ndiyo fahari ya fundi. Wenye nguvu walikuwapo tangu zamani, na bolti zilikatika mikononi mwao. Lori la viazi hufika Nakuru salama kwa sababu mtu fulani, pasipo kuonwa na yeyote, alikubali kuanza katikati, kwenda polepole, na kuishia pale kipimo kilipomwambia basi.