Bei ya Kozi na Mfuko wa Maskini: Ufadhili wa Shahada ya Kwanza Nchini Kenya tangu 2023

Ufadhili wa serikali kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza nchini Kenya ulibadilishwa Mei 2023. Hadi wakati huo, kila aliyepangiwa nafasi na serikali katika chuo kikuu cha umma alilipa karo ya masomo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, awe mtoto wa waziri au wa kibarua. Mfumo mpya uligawa gharama ya kila kozi mafungu matatu: ufadhili usiorejeshwa kutoka Mfuko wa Vyuo Vikuu, mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) na mchango wa familia. Mwaka 2024 waombaji walipangwa katika bendi tano. Bendi ya kwanza, ya wahitaji zaidi, ilipata ufadhili wa asilimia 70 na mkopo wa asilimia 25, na familia ililipa 5. Bendi ya tano ilipata 30 na 30, familia ikamalizia 40. Juu ya hayo uliongezwa mkopo wa kujikimu, kuanzia shilingi 40,000 kwa bendi ya tano hadi 60,000 kwa ya kwanza.

Mjadala umegawanyika pande mbili. Serikali hudai kwamba mwenye nacho sasa analipa zaidi na asiye nacho anabebwa. Wapinzani huona ubaguzi, na tarehe 20 Desemba 2024 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu alitangaza kwamba mfumo huo unakiuka Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ilisimamisha utekelezaji wa hukumu hiyo. Pande zote mbili zinagombania nani awekwe bendi gani. Makala haya yanadai kwamba kasoro kubwa zaidi imo katika hesabu yenyewe: mchango na mkopo vikipigwa kwa asilimia ya bei ya kozi, maskini hutozwa kwa kadiri ya anachotaka kusoma, si kwa kadiri ya alicho nacho.

Historia ya suala hili haina ubishi mwingi. Mikopo ya wanafunzi ilianza katikati ya miaka ya 1970, karo ikaletwa mwaka 1991, na HELB ikaundwa kwa sheria ya 1995. Mtazamo wa D. Bruce Johnstone, mtafiti wa elimu ya juu, kwamba gharama ya elimu ya juu hugawanywa kati ya serikali, wazazi, mwanafunzi na wahisani umekuwa lugha ya kawaida ya watunga sera. Ila mtazamo huo hueleza nani analipa, haufuatilii malipo yenyewe yanamsukuma mwanafunzi wapi. Hapo ndipo msomi Mahmood Mamdani, katika utafiti wake wa 2007 juu ya Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda, ana manufaa zaidi: soko likiingia chuoni, linaanza kuamua ni taaluma zipi zinawiri na zipi zififie. Kuichukua hoja hiyo kuwa inawahusu wanafunzi wa kujilipia peke yao ni kuipunguza bila sababu.

Ugumu wa kupanga bendi unaonekana vizuri Hurlingham, magharibi mwa jiji la Nairobi. Eneo hilo limo katika eneo bunge la Dagoretti Kaskazini, sawa na Kawangware, mtaa wa watu wa kipato cha chini, na kutoka mtaa mmoja hadi mwingine si mbali. Hata ndani ya Hurlingham kwenyewe, ua mmoja huweza kuwa na nyumba ya mwenye mali mbele na chumba cha bawabu au yaya nyuma. Watoto wa pande zote mbili hutumia anwani moja. Kipimo kinachouliza mapato ya wazazi, ukubwa wa familia, shule aliyosomea mwombaji na mahali anakotoka kinaweza kuwakosea wote wawili. Hata hivyo makosa ya namna hii yana dawa: mwombaji huruhusiwa kukata rufaa, na takwimu huweza kuboreshwa. Hesabu ya asilimia haina rufaa.

Kwa viwango hivyo vya 2024, ikichukuliwa familia ya bendi ya kwanza, asilimia 5 hulingana na karo ya zamani ya shilingi 16,000 pale tu kozi inapogharimu shilingi 320,000 kwa mwaka. Chini ya hapo familia hulipa pungufu ya zamani, na juu ya hapo hulipa zaidi. Kozi ya shilingi 180,000 huitaka itoe 9,000. Ya 600,000 huitaka itoe 30,000. Familia ni ileile, na bendi ni ileile. Mkopo nao hufuata mkondo huo. Mwenye kozi ya 180,000 hukopa 45,000 za karo na 60,000 za kujikimu kila mwaka. Baada ya miaka minne anadaiwa 420,000 kabla ya riba. Mwenye kozi ya 600,000 inayochukua miaka sita, kama ilivyo udaktari, hukopa 210,000 kila mwaka na kumaliza akidaiwa 1,260,000, yaani mara tatu. Kwa bendi ya tano mchango wa familia hulingana na karo ya zamani pale kozi inapogharimu shilingi 40,000 tu, lakini familia hiyo kwa kawaida ina mshahara, shamba au gari la kuuza. Ya bendi ya kwanza haina.

Huenda ikajibiwa kwamba daktari atapata kipato kikubwa, hivyo deni halitamlemea. Jibu hilo lilipoteza uzito mwaka 2024, madaktari walipogoma kuanzia Machi hadi Mei, na mojawapo ya madai makuu likiwa malipo ya madaktari wanagenzi: serikali ilitaka kuwalipa shilingi 70,000 kwa mwezi, chini sana ya shilingi 206,000 zilizotokana na mkataba wa 2017. Mwanafunzi maskini anayekaa chumba cha kupanga karibu na Hospitali Kuu ya Kenyatta anayaona hayo kabla hajamaliza masomo. Huenda pia ikajibiwa kwamba karo ya zamani ilivifilisi vyuo. Ni kweli vyuo vina madeni makubwa, lakini serikali iliahidi kubeba asilimia 80 ya gharama na haikutimiza. Mtoto wa kibarua hakuchangia upungufu huo.

Mfadhili kumwamulia mwanafunzi kozi si jambo geni. Barabara kuu ya Hurlingham ina jina la Argwings-Kodhek, aliyekwenda Uingereza mwaka 1947 kwa ufadhili wa serikali ya kikoloni kusomea sayansi ya jamii. Alikaidi, akahamia sheria, akarudi kuwa miongoni mwa mawakili Waafrika wa mwanzo nchini na kuwatetea washukiwa wa Mau Mau. Mkoloni alitumia amri. Mfumo wa sasa hutumia bei, na bei ni ngumu zaidi kuikaidi kwa sababu hakuna aliyekataza chochote.

Wahisani binafsi hawawezi kuziba pengo hilo. Mpango wa viongozi wa Benki ya Equity, ulioanza 1998, huchagua waliofanya vizuri sana mtihani wa kidato cha nne na kuwapa kazi ya mafunzo yenye malipo kabla ya chuo. Tuzo za vyuo kwa wanafunzi bora hutolewa kozi ikiwa imekwisha kuchaguliwa. Vyote viwili ni vyema, lakini havimfikii mwenye alama za kutosha ambaye si wa kwanza katika eneo lake.

Iwapo maskini wameanza kukimbia kozi ghali, hilo litathibitika tu takwimu za uteuzi zikichapishwa kwa bendi na kwa kozi. Marekebisho yenyewe hayana haja ya kungoja: mchango wa familia uwekwe kwa kiasi maalumu cha shilingi kwa kila bendi, mkopo wa karo uwe na kikomo, na tofauti ya bei ya kozi ibebwe na Mfuko wa Vyuo Vikuu. Serikali ndiyo inayohitaji madaktari na wahandisi, na ndiyo inayopasa kulipa bei yao.